"Kasi" Mbili za Mtambo wa Upepo

Umeme wetu hapa Musonoi ni wa maji: unatoka Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na Inga, umbali wa kilomita 1,700 hivi. Lakini mwanafunzi wa tafsiri atakayepewa maandishi ya kiufundi kutoka Kenya atakutana na mitambo ya upepo, na neno "kasi" litamtega.

Tuchukue mradi wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850. Upepo hautulii: mapanga huzunguka kati ya mara 14 na 31 hivi kwa dakika. Gridi ya Kenya, kama ya kwetu, inadai umeme wa hezi 50, yaani unaokamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Kasi ya kwanza inabadilika. Ya pili haitakiwi kuguswa. Mfasiri akiziita zote mbili "kasi", fundi anayesoma kwamba "kasi inabadilika" ataelewa lipi?

Giaboksi huongeza mzunguko wa mapanga kabla haujafika kwenye jenereta. Rota, sehemu ya ndani inayozunguka, ikienda mara 1,500 kwa dakika, hiyo ni 25 kwa sekunde. Kwa kuwa ina jozi mbili za ncha za sumaku, tunapata hezi 50. Upepo ukilegea rota ikashuka hadi 1,200, tungebaki na 40. Hapo kifaa cha elektroniki hupeleka kwenye koili za rota umeme wa hezi 10, na sumaku yake huzunguka upande uleule wa rota: 40 na 10. Rota ikipanda hadi 1,800, sumaku hiyo hugeuzwa kinyume: 60 toa 10. Ni kama abiria anayetembea ndani ya treni, kwenda mbele treni ikizubaa, kurudi nyuma ikikimbia, ili asipitwe na mwenzake anayeendesha baiskeli kando ya reli.

Uzuri wake ni kwamba kifaa hicho hupitisha karibu theluthi moja tu ya nguvu ya mtambo, kwa hiyo gharama yake hupungua. Na upepo ukizidi ghafla, mapanga huongeza mwendo badala ya kuvunja meno ya gia.

Napendekeza "mwendo" kwa mapanga na "marudio" kwa umeme. "Masafa" siyapendi, kwetu hayo ni ya barabara. Jenereta yenyewe tuiite jenereta ya mwendo geu.