Shahamu ya Panya Angani

Mwezi wa Julai 2011, chombo Atlantis cha Marekani kilichukua panya wa maabara, wakakaa angani siku 13 hivi. Waliporejeshwa, maini yao yalionekana kuwa na shahamu nyingi kuliko ya wenzao waliobaki duniani, pamoja na dalili za awali za maradhi. Ini ndilo ligeuzalo chakula kuwa nguvu ama akiba. Kazi ambayo ni sehemu kubwa ya umetaboli. Hapa "shahamu" lafaa kuliko "mafuta", litajalo hata ya taa. Taabu zaidi ni "kupungua uzito": katika safari hiyo mnyama huelea, uzito hausikiki kabisa, hali misuli yake yapungua kweli. Kipunguacho, basi, kiitwe tungamo.