Usigeuze VCD ya Kwaya Kuwa ISO

Kabla ya simu janja kuenea, kwaya za Tanzania zilisambaza video za nyimbo zao kwa VCD, zikauzwa kanisani baada ya ibada, stendi na minadani. Zilizobaki Galula, katika bonde la Rukwa, zinakaa kwenye joto, na deki za kuzichezea zinazidi kuadimika. Anayetaka kuziokoa hushauriwa atengeneze taswira ya diski, yaani faili moja linalonakili sidii nzima sekta kwa sekta, kisha aigeuze iwe ISO. Hatua ya kwanza ni sahihi. Ya pili inaharibu video.

Kila sekta ya sidii ina baiti 2,352. Kwenye sidii ya nyaraka au programu, data ni baiti 2,048. Zile 304 nyingine ni alama za kuitambua sekta pamoja na hesabu za kurekebisha makosa pale mkwaruzo unapokula kitu. Faili la taswira hiyo, BIN, huhifadhi zote; ISO hubeba 2,048 tu. Kugeuza BIN ya namna hiyo ni kama kukoboa mpunga: pumba zinatoka, mchele unabaki wote.

VCD, ambayo kiwango chake kilitoka mwaka 1993, ina mpangilio mwingine. Ili zaidi ya saa moja ya video iingie kwenye sidii moja, inatumia sekta zisizo na hesabu za kurekebisha makosa, na nafasi hiyo hujazwa video. Kosa dogo kwenye picha huonekana kama vipande vinavyorukaruka, na jicho huvumilia. Kwenye programu, kosa hilohilo lingeizuia kufanya kazi. Basi kila sekta hubeba baiti 2,324 za video. Programu inayochukua 2,048 tu bila kuangalia aina ya sekta hutupa baiti 276, na kwa kuwa sekta 75 husomwa kila sekunde, ni baiti 20,700 kwa kila sekunde ya wimbo. Kinachoniuma ni kwamba ISO hiyo mara nyingi hufunguka vizuri: folda la video, MPEGAV, lipo, faili lake AVSEQ01.DAT lipo, na mwenye kwaya anaitupa sidii akiamini nyimbo zimepona.

Hifadhi BIN pamoja na CUE, faili dogo la maandishi linaloonyesha kila kipande cha sidii kinaanzia wapi, wala usiyatenganishe. Kisha tumia vcdxrip, programu ya bure, kutoa video ndani ya BIN iwe MPG. Hakuna kinachobanwa upya. Picha inabaki pikseli 352 kwa 288 kama ilivyokuwa. Sidii ya sauti tupu haina ISO kabisa, maana baiti zote 2,352 ni muziki. Hiyo itolewe iwe WAV au FLAC.

Si kila ugeuzaji una hatari hii. Diski za kompyuta pepe, mathalani VMDK kwenda QCOW2, hugeuzwa salama kwa qemu-img, kwa kuwa fomati zote mbili hubeba diski ileile kwa mpangilio tofauti tu. Programu hiyohiyo inaweza kulinganisha yaliyomo baadaye.

VCD iliyojaa hutoa BIN ya takriban MB 780, hivyo flashi ya GB 32 inabeba kama 40. Anza na zilizochomwa kwa kompyuta, zenye mgongo wa bluu au kijani: rangi yake huharibiwa na jua na joto mapema kuliko zile za kiwandani.