Mashini inazeeka, ao ni bahati mbaya tu?



Mtu wa chini ya shimo anafika kwa dispansere. Kichwa kinamuuma, anataka kutapika. Ninamuuliza: «Kulikuwa nini?» Anajibu: «Mashini ya upepo ilisimama tena.» Neno hili «tena» ndilo linanitia woga. Dawa ya kichwa ninayo, lakini dawa ya mashini iko kwa nani?

Mashini inaposimama mara nyingi watu wanabishana. Wamoja wanasema: imezeeka. Wengine: ni bahati mbaya. Iko njia ya kujua bila ugomvi. Mtaalamu wa hesabu H. B. Mann aliieleza mwaka wa 1945.

Kamata kaye. Kila mara mashini inaposimama, andika imetumika siku ngapi tangu ilipotengenezwa mara ya mwisho. Siku ambazo haikuwashwa usizihesabu. Tuseme umeandika: 40, 35, 31, 22, 15. Linganisha kila namba na zote zinazoifuata. Namba ya mbele ikiwa kubwa kuliko ya nyuma, weka alama moja. Utalinganisha mara 10, na hapa utapata alama 10.

Namba 5 zinaweza kupangwa kwa namna 120. Namna moja tu ndiyo inashuka hivi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa bahati peke yake ungeona jambo hili mara 1 kwa 120. Basi tuamini: mashini inazeeka. Fundi aichunguze yote, ao ibadilishwe mbele ya kusimama tena.

Lakini ukiandika 22, 40, 15, 35, 31, unapata alama 5 kwa 10. Uzee hauonekani. Kuleta mpya pengine hakutaponya kitu. Tafuta upande wa vumbi, umeme, ao namna ya kuiwasha. Tena, namba chache hazitoshi kumaliza neno, endelea kuandika.

Angalisho: mashini inayotembea leo, siku zake hazijaisha. Usiiandike kama iliyovunjika, wala usiisahau. Hata kwa wagonjwa ni vivyo hivyo: njia ya Kaplan na Meier ya mwaka wa 1958 inahesabu pia wale walio wazima bado.

Shika haya matatu:

1. Upepo ukisimama, tokeni wote, mjulishe shefu.

2. Usirudi mpaka hewa imepimwa. Moshi wa baruti una gazi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Inaua.

3. Mama, gazi ile ile inatoka kwa mbabula ya makala. Usilale nayo ndani ya nyumba iliyofungwa.

Shefu akisikia «imesimama tena», anaweza kusahau. Akionyeshwa kaye yenye namba, atajibu nini?