Kusubiri Nafasi ya Chuo Kikuu na Mkopo wa Serikali: Kalamu na Muhuri wa Katibu

Matokeo ya mtihani wa kidato cha sita hutangazwa kwa kawaida mwezi Julai, wakati ambapo katika mkoa wa Singida alizeti imekwisha kupurwa na magunia yamepangwa ukumbini. Tangu siku hiyo hadi vyuo vifunguliwe, mwezi Oktoba au Novemba, nyumba ya mwanachama aliye na mtoto aliyefaulu haitulii. Kila simu inapolia watu huacha walichokuwa wakifanya. Makatibu wa vyama nao huulizwa maswali mengi katika miezi hiyo, na yafaa wawe na majibu.

Kusubiri huku si jambo jipya, ila sura yake imebadilika. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio ambalo, pamoja na kuagiza elimu ya msingi kwa wote, liliwataka vijana waliomaliza kidato cha sita watumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha wafanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili kabla ya kuomba nafasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwombaji alihitaji sifa njema kutoka kwa mwajiri wake na kutoka tawi la Chama. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, kwanza kwa wanawake. Lakini kwa kipindi kile kijana alisubiri miaka, na hatima yake ilitegemea kwa sehemu kubwa kalamu ya mkubwa wa kazi na ya katibu wa tawi. (Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa Mei 1976, kijana aliyekuwa karani katika chama kikuu alimpoteza mwajiri wa kumwandikia.) Jambo moja lilikuwa jepesi siku zile: aliyepata nafasi hakuulizwa ada, kwani Serikali ndiyo iliyobeba gharama. Uchangiaji wa gharama za elimu ya juu ulianza miaka ya mwanzo ya 1990, na hapo ndipo mzazi alipoanza kusubiri majibu mawili badala ya moja.

Majibu hayo mawili ndiyo yanayochanganywa na wanachama wengi. Nafasi ya masomo hutolewa na chuo chenyewe, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu. Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Kupata nafasi si kupata mkopo. Tena mkopo huombwa kwa fomu yake na kwa tarehe zake, ambazo mara nyingi huanza kabla chuo chochote hakijatoa jibu. Mzazi anayesema, "Tungoje kwanza tuone kama amechaguliwa," huweza kukuta muda wa kuomba mkopo umekwisha kufungwa.

Kuhusu nafasi, kiwango cha chini kwa aliyemaliza kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya alama 4 kwa hesabu ya A kuwa 5 na E kuwa 1, ingawa fani nyingi hudai zaidi ya hapo. Mwombaji huomba moja kwa moja katika vyuo anavyovitaka, na anaweza kuchaguliwa na zaidi ya kimoja. Akichaguliwa hivyo, hutumiwa namba ya siri kwa simu ili athibitishe chuo kimoja katika siku chache zinazotangazwa. Vijana wengi huenda mjini kujaza maombi katika duka la stesheneri, na kwa kuwa hawana simu huandika namba ya mwenye duka. Ujumbe ukija, mwenye duka hamkumbuki hata mwombaji. Namba inayoandikwa hapana budi iwe ya kijana mwenyewe au ya mtu wa nyumbani kwao, na laini yake isiachwe ikafungwa.

Fomu ya mkopo ndiyo yenye miba. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana kama RITA. Aliyefiwa na mzazi ahakikishe cheti cha kifo vivyo hivyo. Mdhamini atie saini na kutoa nakala ya kitambulisho chake. Kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa atie saini na muhuri, kisha fomu ifikishwe kwa wakili au kamishna wa viapo. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF ioneshe uthibitisho wake, maana jambo hilo huangaliwa katika kupima uhitaji. Hakuna hata moja kati ya haya lililo gumu, lakini kila moja lina mlango wake na safari yake, na kwa mtu wa kijiji cha ndani huko Mkalama au Itigi safari moja ya kwenda makao makuu ya wilaya ni siku nzima na nauli juu.

Kosa linalorudi mara kwa mara ni la majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cheti cha kidato cha nne kina jina la ukoo, na kitambulisho cha mzazi kina jina la tatu. Kusahihisha hilo mwezi Agosti ni mashaka matupu. Likigunduliwa mtoto akiwa kidato cha tano kuna nafasi ya kutosha. Katibu anayeandika daftari la wanachama huyajua majina ya kaya kuliko mtu mwingine yeyote kijijini, naye aweza kuwatahadharisha wazazi mapema katika mkutano wa chama.

Sasa kuhusu fedha. Mwanachama mwenye mtoto anayesubiri hushikwa na hofu, akauza alizeti yake kwa mchuuzi anayepita na lumbesa, kwa bei ya wakati wa mavuno, au akauza maksai anaolimia. Mwezi Novemba mtoto anapata mkopo, na msimu unaanza bila maksai. Jirani yake hakuuza kitu kwa kutumaini mkopo, na mtoto akapewa sehemu tu ya ada. Wote wawili wamekosa hesabu. Ifahamike kwamba mkopo unaohusu ada hulipwa chuoni, na fedha ya chakula na malazi humfikia mwanafunzi baada ya kusajiliwa. Kwa hiyo hata mwenye mkopo kamili anahitaji nauli, godoro na chakula cha majuma ya mwanzo. Kiasi hicho ndicho mzazi anachopaswa kukitenga katika mavuno, na akiba iliyobaki aiache ghalani hadi majibu yatoke. Kwa mazao yanayouzwa kwa stakabadhi ghalani, akumbuke pia kwamba malipo huja baada ya mnada.

Chama cha akiba na mikopo chaweza kumkopesha mwanachama kwa shughuli hiyo kama masharti yake yanaruhusu. Chama cha mazao kisifanye hivyo kwa huruma ya kamati peke yake. Fedha za malipo ya wakulima si za kukopesha, na chama kikikopa kwa ajili hiyo, deni liwe ndani ya ukomo uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Barua ya kuchaguliwa chuo isipokewe kama dhamana, kwa kuwa haina thamani ya kuuzwa.

Aliyepewa kidogo anaweza kukata rufaa kwa Bodi muda wa rufaa unapotangazwa. Aliyekosa nafasi katika awamu ya kwanza aangalie awamu inayofuata. Wapo pia wanaoweza kuanza na cheti au stashahada. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014, kina taasisi yake ya Kizumbi huko Shinyanga. Kijana atakayeomba huko akihitaji barua ya utambulisho kutoka chama cha mzazi wake, katibu aiandike siku hiyo hiyo, aigonge muhuri na abaki na nakala katika jalada.