Mkate wa siagi na jemu humpa mtoto nini?

Mzazi wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, akipata pesa kidogo hupaka mkate wa mtoto siagi, na mambo yakiwa mazuri zaidi huongeza jemu. Mtoto huondoka ameshiba, na mzazi ana haki ya kufurahi. Kushiba huko kuna nini ndani?

Gramu 60 za mkate mweupe, gramu 10 za siagi na gramu 20 za jemu hutoa kama kilokalori 280. Kwa mtoto atakayekaa darasani hadi mchana, nguvu hiyo si ya kudharau. Lakini protini haizidi sana gramu 5, nayo karibu yote imetoka kwenye mkate. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji takriban gramu 19 kwa siku. Tena protini ya ngano ina laisini kidogo, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na mahindi yana upungufu huohuo. Mkate asubuhi, bukari ya mahindi na sombe kidogo jioni: mtoto amekosa kitu kilekile mara mbili.

Wengi huilaumu jemu. Kweli, karibu nusu yake au zaidi ni sukari, na vitamini C ya tunda hupungua sana jikoni. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, yaani gramu 50 kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000. Hata hivyo mkate nao una lawama: unga mweupe umeondolewa pumba na kiini, vyenye nyuzinyuzi na madini mengi, na wanga wake hugeuka glukosi upesi. Mwenye kisukari asidhani kwamba akiiacha jemu amepona; mkate wenyewe unapandisha sukari ya damu. Siagi ina vitamini A na huchelewesha chakula tumboni, ila zaidi ya nusu ya mafuta yake ni yale yanayoongeza kolesteroli, kwa hiyo watu wazima waipake kidogo.

Kuna kitu bora zaidi, na kinauzwa sokoni kwetu: karanga. Gramu 20 za karanga zilizosagwa zina karibu gramu 5 za protini, kiasi kilekile cha mkate wote, pamoja na mafuta yasiyodhuru moyo, magnesiamu na niasini, vitamini ambayo mwili huipata kwa shida kutoka kwenye mahindi. Laisini bado ni kidogo, kwa hiyo maharage, yai au dagaa vinahitajika katika mlo mwingine.

Karanga zichaguliwe kwa uangalifu. Kuvu huacha humo aflatoksini, sumu inayoleta saratani ya ini, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2004, katika nchi ya Kenya, sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu 125. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe.

Na chai ya kuteremshia mkate? Ikinywewa pamoja na chakula hupunguza kufyonzwa kwa madini ya chuma, ilhali chungwa husaidia yafyonzwe.

Utafiti wa kitaifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba zaidi ya watoto 4 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka 5 nchini mwetu wamedumaa. Mzazi, pesa ya jemu ikipatikana wiki hii, nunua karanga safi na mayai.