Sababu za bunduki kuukuu za risasi ndogo kuenziwa Marekani

HUKU viwanda vikitoa silaha mpya kila mwaka, wapenzi wengi wa ulengaji shabaha nchini Marekani wangali wanaenzi bunduki na bastola kuukuu zinazotumia risasi ndogo, zenye kipenyo cha inchi 0.22.

Miongoni mwa zinazosakwa ni bastola ya Colt Woodsman, iliyobuniwa na John Browning na kuundwa kuanzia 1915 hadi 1977, pamoja na bunduki ya Winchester 52, iliyotamba katika mashindano ya shabaha. Sehemu zake zilichongwa kwa chuma na kunakshiwa kwa uangalifu ambao gharama yake ilizidi kuvilemea viwanda.

Siri nyingine imo katika risasi yenyewe. Kemikali inayowasha baruti haiwekwi katikati ya kitako cha ganda, bali hupakwa ndani ya ukingo wake. Kipini cha bunduki kikiuponda ukingo huo, baruti huwaka. Kwa kuwa sharti ganda liwe jembamba, nguvu yake ni ndogo: mlengaji hasukumwi begani, mlio ni hafifu na bei ni nafuu.

Hata hivyo, ganda lililopondwa halijazwi tena, hivyo mwenye silaha humtegemea mtengenezaji. Hayo yalidhihirika mwaka wa 2013, risasi hizo zilipoadimika madukani Marekani.

Aidha, udogo wake usimhadae yeyote. Risasi hiyo yaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, na huua. Mdharau mwiba mguu huota tende.