Kinga Inayochoka: Malaria na Uvimbe wa Taya Magharibi mwa Kenya

Khwisero, eneo la Wakisa lililo kusini mwa Kaunti ya Kakamega na kupakana na Siaya na Vihiga, limo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambamo malaria haikomi, bali hukaa mwaka mzima ikipanda na kushuka kwa kufuata mvua. Ukanda huohuo ndio unaokumbwa na saratani ya Burkitt, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 9 na mara nyingi huanza kwa meno kulegea, kisha shavu likavimba kwa kasi inayofikiwa na saratani chache mno za binadamu. Ujirani wa maradhi haya mawili si wa bahati.

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza uvimbe huo mwaka 1958, na baadaye akaona kwamba hupatikana kwenye joto na mvua, yaani kwenye mbu. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, ambako mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wameona ndani ya seli zake kirusi kigeni, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Inafaa isemwe wazi kwamba elimu hiyo, inayofundishwa leo duniani kote, ilitoka katika miili ya watoto wa Afrika Mashariki.

Kirusi cha Epstein-Barr huenea kwa mate, na magharibi mwa Kenya karibu kila mtoto huwa amekipata kabla ya kutimiza miaka 3. Hujificha ndani ya seli B, yaani chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, na kwa kawaida hakimdhuru mtu, kwa kuwa seli T, ambazo ni kama askari wa doria, huzitambua seli zilizoambukizwa na kuziua. Malaria huvuruga mpango huo kwa njia mbili. Vimelea vyake huchochea seli B zigawanyike kupita kiasi, na katika pilikapilika hizo kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, huweza kukatika na kuungwa vibaya, hata jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli ikue, ikahamia mahali ambapo amri yake haikomi. Seli T nazo, kwa kuitwa vitani kila mara, hudhoofika.

Udhaifu huo umepimwa. Watafiti wa Kenya na Marekani walilinganisha damu ya watoto wa Kisumu, penye malaria ya kudumu, na ya watoto wa nyanda za juu za Nandi, ambako huzuka mara mojamoja. Kipimo chao ni sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja kikikaribia upana wa punje ya hindi, ambamo seli za damu huwekwa pamoja na vipande vya protini za kirusi. Kila seli T inayovitambua hutoa interferoni gama, kemikali ya kuamsha ulinzi, ambayo hunaswa kwenye utando wa chini na kuacha nukta moja ya rangi. Kuhesabu nukta ni kuhesabu askari. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba watoto wa Kisumu wenye miaka 5 hadi 9, umri uleule wa hatari, walikuwa na mwitikio hafifu kuliko wenzao wa Nandi; na mwaka 2009 ikabainika kwamba seli T za watoto wenye uvimbe hushindwa hasa kuitikia EBNA1, protini ya kirusi inayobaki ndani ya seli za saratani.

Tangu mwaka 2019 kaunti 8 za ukanda wa ziwa, Kakamega ikiwemo, zimekuwa zikitoa chanjo ya malaria ya RTS,S, inayoifunza kinga kukinasa kimelea tangu mbu anapokiingiza, kabla hakijatulia kwenye ini. Na kila homa ya malaria inayozuiwa, kwa chanjo au kwa neti, ni safari moja pungufu ya kuzichochea seli B za mtoto.